Namna ya kufanya utafiti katika maktaba ya Mlimani

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ilifunguliwa na Rais John Magufuli Novemba 2018, baada ya kujengwa kwa msaada wa serikali ya China. Ina nafasi ya maelfu ya watu kwa wakati mmoja na uwezo wa kubeba vitabu 800,000. Ingia humo siku chache kabla ya mitihani: viti vimejaa, kila soketi ina chaja, na karibu kila mtu anasoma notsi alizokuja nazo begini. Kusoma notsi ni haki yake. Kinachoniuma ni kwamba wengi humaliza miaka yao mitatu wakiijua maktaba kama ukumbi tulivu wenye umeme. Mwaka wa mwisho, wanapotakiwa kuandika utafiti, hukimbilia Google na tasnifu za waliowatangulia, na huku maktaba hiyohiyo ina nyaraka ambazo watafiti hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuzisoma.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza tasnifu, iwe ya shahada ya kwanza au ya uzamili. Nitautumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: utafiti juu ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907. Nimeuchagua kwa sababu vyanzo vyake vimetawanyika katika Kiswahili, Kijerumani, Kiingereza na simulizi za wazee, kwa hiyo unakulazimisha kugusa karibu kila kona ya maktaba. Anayesoma uhandisi au sheria abadilishe mfano, njia haibadiliki. Na aliye Makerere, Nairobi au Dodoma atakuta majina ya vitengo tu ndiyo yanayotofautiana.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya usajili mapema

Hili ni fupi. Kitambulisho cha chuo ndicho ufunguo wa kuingia na kuazima, kwa hiyo hakikisha kimeingizwa kwenye mfumo wa maktaba. Omba pia akaunti na nywila ya kutumia rasilimali za kielektroniki, kwa sababu bila hiyo utazisoma ukiwa ndani ya mtandao wa chuo tu. Uliza kaunta unaruhusiwa vitabu vingapi na kwa muda gani. Kiwango cha shahada ya kwanza si sawa na cha uzamili, na faini ya kuchelewesha huanza kuhesabiwa hata kama kitabu umekisahau hosteli. Vitabu vinavyogombewa na darasa zima huwekwa kwenye akiba maalumu: unavisomea humohumo au unapewa kwa saa chache tu.

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo wakutubi huendesha mafunzo ya namna ya kutumia maktaba. Nenda, hata kama uko mwaka wa tatu.

Hatua ya 2: Andika swali, kisha orodha ya maneno

Watu wengi hukosea hapa, na makosa ya hapa hukufuata hadi siku ya kuwasilisha. “Vita vya Maji Maji” ni mada, bado haijawa swali. Ukiitafuta hivyo utaletewa kila kitu, na kila kitu hakisomeki kwa muhula mmoja. Ibane: Je, kilimo cha lazima cha pamba kilichangiaje vita kuanzia Umatumbi? Wanawake wa Ungoni waliishije baada ya waume zao kunyongwa? Wamisionari wa Peramiho waliandika nini juu ya njaa iliyofuata vita? Swali la namna hiyo linakuonyesha ni eneo gani, miaka gani na watu gani unaowatafuta.

Sasa chukua karatasi, ugawe safu tatu. Safu ya kwanza andika mahali, ya pili watu, ya tatu jambo lenyewe. Chini ya kila safu orodhesha kila namna ambayo mwandishi wa zamani au wa lugha nyingine angeweza kuliandika neno hilo. Kompyuta haijui kwamba “Majimaji”, “Maji Maji” na “Maji-Maji” ni kitu kimoja. Inalinganisha herufi tu. Kwa mfano wetu, orodha itakwenda hivi:

Nchi: Tanzania, Tanganyika, German East Africa, Deutsch-Ostafrika. Jina Tanzania lilizaliwa 1964. Ripoti ya mwaka 1930 haiwezi kuwa nalo, na ukitafuta kwa jina hilo pekee umejifungia nje ya nusu karne ya maandishi.

Watu: Wamatumbi na Matumbi, Wangoni na Ngoni. Maandishi ya Kiingereza mara nyingi huondoa kiambishi “Wa”, ya Kijerumani mara nyingi hukibakiza. Hali ni hiyohiyo kwa lugha: waandishi wa Kiingereza huandika “Swahili” na sisi “Kiswahili”, kwa hiyo tafuta yote mawili.

Jambo: vita, uasi, upinzani, rising, rebellion, uprising, Aufstand. Uchaguzi wa neno hapa unakuambia pia mwandishi alisimama upande gani, na hilo ni jambo la kuandika kwenye tasnifu yako.

Angalia pia maneno yenye mtego. Songea ni mji, lakini kabla ya hapo ni jina la Songea Mbano, nduna (kiongozi wa vita) wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ukitafuta “Songea” utapata mpango wa maji wa wilaya na wasifu wa shujaa kwenye orodha moja. Ongeza “Mbano” au “Ngoni” kumpata mtu.

Majina ya waandishi wetu nayo yana tabu yake. Mkatalogi wa ng'ambo huchukua jina la mwisho na kulifanya la ukoo, wa hapa pengine akaacha lilivyo. Kitabu cha mwandishi mmoja kinaweza kuwa chini ya jina lake mahali pamoja na chini ya jina la baba yake mahali pengine. Tafuta kwa yote mawili kabla ya kusema hakipo.

Hatua ya 3: Tafuta kwenye katalogi, lakini usiishie kwenye kisanduku cha kwanza

Fungua katalogi ya mtandaoni ya maktaba na uende kwenye utafutaji wa kina. Unganisha maneno ya orodha yako kwa OR pale yanapomaanisha kitu kimoja, na kwa AND pale unapotaka yote yawepo. Hizo OR na AND ziandike kwa herufi kubwa. Mfano: (Majimaji OR “Maji Maji”) AND (Ngoni OR Wangoni OR Songea). Alama za kunukuu huyafunga maneno mawili yabaki pamoja, na bila hizo utaletewa kila kitabu chenye neno “maji”, vikiwemo vya umwagiliaji.

Ukipata kitabu kimoja kinachokufaa hasa, fungua maelezo yake kamili na ushuke hadi kwenye vichwa vya mada. Haya ni maneno ambayo wakutubi hutumia kila mara kwa mada hiyo, bila kujali mwandishi aliipa kitabu chake jina gani. Bonyeza kimojawapo. Utaona vitabu ambavyo majina yake hayana hata neno moja kutoka kwenye orodha yako, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyokosekana kwenye tasnifu za wengine.

Nakili namba ya rafuni ya kitabu yote, hadi mwaka ulio mwishoni mwake. Usipige picha ya skrini nusu.

Hatua ya 4: Kisome kitambulisho cha kitabu rafuni

Nimeona wengi wakirudi kaunta kusema kitabu hakipo, kumbe kiko nusu mita kutoka waliposimama. Tazama mgongo wa kitabu. Namba ikianza na herufi, huo ni mfumo wa Library of Congress, unaotumika katika vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki. Ikianza na tarakimu tatu, huo ni wa Dewey, utakaoukuta zaidi kwenye maktaba za umma na za shule.

Katika mfumo wa Library of Congress historia ya Tanzania iko kati ya DT436 na DT449, na Kiswahili kiko PL8701 hadi PL8704. Chukua namba ya mfano DT447 .M29 2005. Isome kwa vipande. Herufi DT kwanza, kwa alfabeti. Kisha 447, ambayo ni namba kamili kama ya nyumba: DT44 inatangulia DT436, kwa sababu arobaini na nne ni ndogo kuliko mia nne thelathini na sita. Kipande cha tatu ndicho kinachowapoteza watu. Kile .M29 husomwa kama desimali, kwa hiyo .M29 inakaa kabla ya .M3, ijapokuwa 29 inaonekana kubwa kuliko 3. Fikiria 0.29 na 0.3. Ukishalielewa hili hutahangaika rafuni tena.

Ukikipata, usiondoke. Soma migongo ya vitabu kumi kulia na kumi kushoto. Vimepangwa kwa mada, kwa hiyo majirani wa kitabu chako wanazungumza jambo lako. Fungua fahirisi ya nyuma ya kila kimoja, tafuta maneno ya orodha yako, na ukiyaona nenda kwenye marejeleo ya mwandishi. Na ukimaliza, kitabu usikirudishe rafuni mwenyewe. Kiache kwenye meza au toroli iliyotengwa. Kitabu kilichochomekwa mahali pasipo pake kimepotea kwa kila anayekitafuta, hadi siku ya ukaguzi.

Hatua ya 5: Nenda kwa mkutubi wa marejeleo

Kama una muda wa hatua moja tu kati ya zote hizi, chagua hii. Mkutubi ana shahada ya kazi hiyo, na kwa miaka mingi amewasaidia watu wenye maswali yanayofanana na lako. Anajua ni ripoti gani iliorodheshwa chini ya jina la wizara ambayo haipo tena. Lakini atakusaidia kwa kadiri ya swali utakalompelekea. Ukisema “naomba vitabu vya historia” atakuonyesha rafu. Mweleze hivi:

“Shikamoo, mama. Naandika tasnifu ya uzamili juu ya njaa ya Ungoni baada ya Maji Maji, 1906 hadi 1908. Nimeshapitia katalogi kwa maneno haya, nimepata vitabu hivi vinne. Ninachokosa ni chochote kilichoandikwa wakati uleule, na simulizi za Wangoni wenyewe. Nianzie wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Kijerumani unasoma?”

Swali hilo la kwanza linaonyesha kwamba ameshafika mbele yako. Anajua kwamba karibu kila kitu cha kiserikali cha miaka hiyo kiliandikwa Kijerumani, na jibu lako ndilo litakaloamua akupeleke kwenye nyaraka zenyewe, kwenye tafsiri, au kwenye simulizi. Nenda na ile karatasi yako ya safu tatu. Nenda pia siku ya kawaida saa za asubuhi. Wiki ya mitihani kaunta huwa na foleni na hatapata nafasi ya kukaa nawe.

Hatua ya 6: East Africana

Hapa ndipo Mlimani inapozidi maktaba nyingi za dunia. East Africana ni kitengo kinachohifadhi maandishi yanayohusu Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1960 sheria imewataka wachapishaji wa nchini kuwasilisha nakala za kazi zao, na chuo kikuu ni miongoni mwa mahali zinapopelekwa. Kwa hiyo humo mna vijitabu vya vyama vya ushirika, hotuba, ripoti za tume, magazeti, ramani, tasnifu na vitu vingine vilivyochapwa nakala chache na kusahaulika kwingineko.

Mna pia mikusanyo ya watu binafsi. Wa Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, una maandishi mengi juu ya sheria za mila, nyimbo na desturi. Wa Henry Fosbrooke unamfaa sana anayeshughulika na ardhi, ufugaji na Ngorongoro. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, mingi ikiwa tenzi zilizotunzwa majumbani mwa watu, na katalogi ya miswada hiyo ilichapishwa mwaka 1970. Mwanafunzi wa fasihi anayejua kusoma hati hizo ana kazi ya maisha humo.

Kwa mfano wetu wa Maji Maji, ulizia kwanza mradi wa Idara ya Historia wa mwaka 1968. Wanafunzi wa chuo hiki walitumwa vijijini kwao kurekodi wazee waliokuwa bado wanaikumbuka vita. Wakaandika ripoti zao, eneo kwa eneo. Wazee wale wote wameshafariki. Zilizobaki ni kurasa zilizopigwa chapa na vijana wa umri wako, na hakuna mtafiti makini wa vita hivi duniani anayezikwepa. Ukizisoma, zingatia maswali waliyoulizwa wazee, siyo majibu peke yake: ilikuwa miaka saba tu baada ya uhuru, na umoja wa kitaifa ulikuwa mawazoni mwa kila mtu.

Kuna na mfano wa chanzo kilichojificha. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliotungwa na mtu aliyekuwa karibu na matukio, ulichapwa mwaka 1957 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kwa kuwa ni nyongeza ya jarida, unaweza usiuone ukitafuta vitabu. Lazima ulitafute jarida, nalo limebadilisha jina mara kadhaa. Lilianza na kamati ya lugha iliyoundwa 1930, likaitwa baadaye Swahili, na leo ni Kiswahili, linalotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili palepale chuoni. Rafuni majina hayo yanaweza kukaa mbalimbali. Kila unapokuta jarida la zamani “limekoma” mwaka fulani, uliza kama lilibadilisha jina kabla ya kuamini kwamba lilikufa.

Namna ya kufanya kazi humo ni tofauti na ukumbi wa kawaida. Vitabu haviazimwi nje. Begi linabaki mlangoni, unaingia na daftari, penseli na kompyuta yako. Unajaza fomu ya maombi kwa kila kitu unachotaka: namba yake, jina, juzuu na mwaka, pamoja na jina lako. Andika kwa hati inayosomeka, kwa sababu mtu mwingine ndiye atakayekwenda kukitafuta kwa karatasi hiyo. Omba vichache kwa wakati mmoja, na ukiwa unasoma cha kwanza, cha pili kiwe kinatafutwa. Uliza kabla ya kupiga picha au kudurufu. Gazeti la mwaka 1950 limekauka, ukilikunja kwenye mashine linakatika palepale kwenye mkunjo. Geuza kurasa kwa kushika pembe ya juu, na usiweke daftari lako juu yake unapoandika.

Magazeti yanahitaji uvumilivu. Mambo Leo lilianza 1923 na lina barua za wasomaji zinazoeleza maisha ya kawaida kuliko ripoti yoyote ya mkoa. Hayana fahirisi, kwa hiyo amua miezi unayoitaka kabla ya kuomba, la sivyo siku nzima itakwishia kwenye matangazo ya baiskeli na mashairi ya kujibizana. Mashairi hayo, nikiri, yanastahili tasnifu yake.

Hatua ya 7: Makala za majarida na hifadhidata

Makala mpya za kitaaluma zimo kwenye hifadhidata ambazo chuo hulipia au hupewa. Research4Life ndiyo ya kuanzia kwa nchi kama yetu: imeunganisha Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria, na vyuo vya Tanzania huingia bila kulipa. Kwa historia na sanaa nenda JSTOR. African Journals Online inakusanya majarida yanayochapwa barani kwetu, na mengi yake hayaonekani kabisa kwenye hifadhidata za Ulaya. Majarida ya chuo chenyewe, likiwemo Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, yana ukurasa wake mtandaoni na makala nyingi zinapakuliwa bure.

Ingia kupitia ukurasa wa maktaba, siyo kupitia Google. Ukitokea Google utafika kwenye makala ileile na kuombwa dola 40, kwa sababu tovuti haijui kwamba wewe ni wa Mlimani. Kama uko nyumbani, tumia akaunti uliyoomba kwenye hatua ya kwanza. Bando likiwa shida, fanya utafutaji wote chuoni, pakua faili kwenye flashi, kasomee nyumbani.

Google Scholar inafaa kwa kazi moja ambayo katalogi haiwezi: chini ya kila makala inakuonyesha nani ameinukuu baadaye. Kwa hiyo ukiwa na makala nzuri ya mwaka 1985, unaweza kufuata mjadala hadi mwaka jana. Marejeleo ya makala yanakupeleka nyuma na orodha hiyo inakuleta mbele. Fanya yote mawili kwa makala zako tatu au nne muhimu, na uhakiki wako wa maandishi utakuwa umesimama.

Soma ikisiri kwanza, kisha hitimisho, ndipo uamue kama unaisoma yote. Na ukikwama kabisa na makala iliyofungwa, mwandikie mwandishi barua pepe fupi ya heshima. Wengi hutuma.

Kuhusu programu za akili unde: zinaweza kukusaidia kupata maneno mengine ya kuongeza kwenye orodha yako, lakini usizichukulie marejeleo. Hutunga vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa, vikiwa na mwaka na mchapishaji. Kila rejeleo ulilopewa huko lithibitishe kwenye katalogi kabla hujalitaja.

Hatua ya 8: Toka nje ya Mlimani ikibidi

Maktaba nzuri inakuonyesha pia mahali pa kwenda. Nyaraka za Taifa, Upanga, zina mafaili ya serikali ya Kijerumani na ya Waingereza. Yale ya Kijerumani yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Yana mwongozo wa juzuu mbili uliotolewa Marburg, Ujerumani. Uulizie Mlimani na uupitie kabla ya kwenda, ili ufike Upanga ukiwa na namba za mafaili mkononi. Kwa Zanzibar, nenda Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, ambako miswada na vitabu vya Kiarabu vimo kwenye orodha hiyohiyo ya UNESCO tangu 2003.

Kibali kinatakiwa. Mwanafunzi wa Mlimani huombewa barua ya utafiti kupitia chuo. Mtafiti kutoka nje ya nchi hupitia COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Anza mapema, maana barua hupita meza kadhaa na hakuna njia ya mkato ninayoweza kukushauri.

Mafaili mengi ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yamewekwa mtandaoni bure na Bundesarchiv (nyaraka za taifa za Ujerumani), chini ya alama R 1001. Maandishi ya chapa ya zamani ya Kijerumani huzoeleka kwa siku chache za mazoezi. Yale ya mkono ni magumu zaidi, na kwa hayo utahitaji mwalimu au mwenza.

Hatua ya 9: Tunza marejeleo tangu siku ya kwanza

Sakinisha Zotero, ni bure, na inafanya kazi hata bila intaneti. Kila kitabu au makala unayoigusa iingize papo hapo, pamoja na namba ya rafuni kwenye sehemu ya maelezo, ili ukitakiwa kuhakiki ukurasa usianze upya. Kwa nyaraka za East Africana na Upanga andika jina la mkusanyo, namba ya faili na namba ya karatasi. Picha za simu zipe majina siku hiyohiyo, na ya kwanza ya kila faili iwe ni ya jalada lake. Picha mia tatu zisizo na jalada hazitajiki popote.

Maneno ya mwandishi unayoyanakili neno kwa neno yatie alama za kunukuu na ukurasa hata kwenye daftari lako binafsi. Wizi wa kitaaluma mwingi ninaoufahamu ulianzia hapo: mwanafunzi alisoma daftari lake baada ya miezi mitatu akadhani sentensi ni zake. Programu ya ukaguzi ya chuo haitakuuliza ulikusudia nini. Mfumo wa marejeleo, iwe APA au mwingine, muulize msimamizi wako anautaka upi kabla ya kuandika sura ya kwanza.

Hatua ya 10: Kukabidhi tasnifu

Tasnifu ikishapitishwa, nakala yake huingia maktaba na kwenye hazina ya kidijiti ya chuo. Fikiria atakayeitafuta. Ikisiri yako iwe na jina la wilaya na kijiji, majina ya watu uliowatafiti kwa tahajia zote mbili, na miaka kamili kwa tarakimu. Andika ikisiri ya Kiswahili na ya Kiingereza kama idara inaruhusu. Kwenye maneno makuu usiweke “historia” na “Tanzania” pekee. Weka “Maji Maji”, “Majimaji”, “Ungoni”, “Ngoni”, “Songea”, “njaa”. Kama ulirekodi wazee, zungumza na mkutubi wa East Africana juu ya kuhifadhi sauti na ridhaa zao, kwa sababu flashi yako haitadumu.

Kisha rudisha vitabu vyote, lipa faini kama ipo, na upeleke fomu yako ya kuondoka maktaba isainiwe wiki kadhaa kabla ya mahafali. Bila saini hiyo cheti hakitoki, na siku za mwisho kaunta ile huwa na foleni hadi mlangoni.